Dari inachoma mchana kutwa: nianze na kipi?

"Nyumba yetu iko Isamilo, Mwanza, mzee aliijenga mwaka 1978. Ni ya tofali za saruji, vyumba vitatu na sebule, kama mita 12 kwa 9. Mabati ni ya migongo midogo na sasa yana kutu, dari ni ya bodi zilizopigwa misumari. Kuanzia saa saba mchana hakukaliki ndani, na usiku mpaka saa tano bado ni joto. Mama ana miaka 74, anatumia dawa za presha, na chumba chake kiko upande wa magharibi. Fundi mmoja anataka niweke faiba ya inchi nne dari nzima. Mwingine anasema faiba ni ya nchi za baridi, itafungia joto ndani. Jirani ameshauri pumba za mpunga, na mdogo wangu anaweza kupata maboksi ya samaki bure. Darini kuna popo. Fedha niliyonayo inatosha jambo moja au mawili, si yote. Nianze na kipi?"

Ndugu msomaji, swali lako ni moja lakini joto unalolieleza ni la aina mbili. La mchana linatoka juu, kwenye bati. La usiku wa saa tano chanzo chake kikubwa ni kingine, na ukiyachanganya utatumia fedha kwenye moja ukitegemea limalize na la pili.

Jibu fupi ni hili: anza na rangi nyeupe juu ya bati, kisha foili ya alumini chini yake, na chumba cha mama kiwe cha kwanza. Faiba, ile sufi ya kioo, ni kitu kizuri lakini ije baadaye, na inchi mbili zinatosha. Pumba na maboksi ya samaki achana nayo kabisa, sababu nitakupa. Na kabla mtu yeyote hajapanda darini, kuna mambo matatu ya kuhakikisha: bodi za dari ni za kitu gani, nyaya za umeme zikoje, na popo wanatolewaje. Hilo la bodi usilipuuze, kwa sababu nyumba ya mwaka 1978 inaweza kuwa na asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Tuanze na joto lenyewe. Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la saa sita linapita utosini, na miezi mingine halisogei mbali sana na hapo. Maana yake ni kwamba mchana paa ndilo linalopigwa na jua kuliko ukuta. Siku ya anga safi, jua hilo linashusha karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Bati lenye kutu ya kahawia linameza sehemu kubwa ya jua hilo, nalo linafika nyuzi 60 hadi 70 wakati hewa ya nje ni nyuzi 28 au 29 tu.

Sasa, watu wengi wanaamini kwamba hewa moto iliyoko darini ndiyo inayoshuka chumbani. Hewa moto haishuki, inapanda. Kinachoshuka ni mnururisho, yaani joto linaloruka kutoka kwenye kitu cha moto hadi kwenye kitu kingine bila kubebwa na hewa. Ndilo unalolisikia shavuni ukikaa mbele ya jiko la mkaa hata upepo ukiwa unatoka mgongoni kwako. Bati la nyuzi 65 linairushia bodi ya dari joto la namna hiyo mchana kutwa. Bodi inapata moto, nayo inakurushia wewe uliyelala chini yake. Ngozi ya binadamu ina nyuzi kama 34. Bodi ikifika 38 au 40, mwili haupoi tena kupitia upande wa juu, unaongezewa joto. Ndiyo maana feni inazunguka na bado unajisikia umebanwa: feni inasukuma hewa, lakini haiwezi kuzuia mnururisho unaotoka darini.

Unaweza kulithibitisha hili leo bila kifaa chochote. Saa nane mchana panda kwenye stuli, uweke kiganja juu ya ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba, kisha ukiweke kwenye dari. Dari ikiwa ya moto kuliko ukuta kwa namna inayosikika wazi, shida ya mchana iko juu. Rudia saa nne usiku. Safari hii huenda ukakuta dari imepoa, na ukuta wa magharibi wa chumba cha mama ndio wenye uvuguvugu. Hapo utakuwa umeona kwa mkono wako kile nilichokuambia mwanzo: bati jembamba linapoa ndani ya saa moja hivi baada ya jua kuzama, lakini tofali na sakafu zilizohifadhi joto la jioni zinaendelea kulitoa mpaka usiku.

Kuhusu mafundi wako wawili, kila mmoja ana kipande cha ukweli. Si kweli kwamba faiba ni ya nchi za baridi. Faiba inapunguza mwendo wa joto kutoka upande wa moto kwenda upande wa baridi, na haina habari kama moto uko ndani au nje. Australia yenye majira makali ya joto wanaitumia darini kila siku. Lakini huyo wa pili naye hajakosea kabisa anaposema inafungia joto. Usiku, mbingu ikiwa wazi, bati linapoa hata kuliko hewa ya nje, na dari iliyo tupu inaruhusu joto kidogo la chumbani litokee huko. Ukiweka faiba nene, mlango huo unaufunga. Madirisha yakifunguliwa usiku hasara hiyo haionekani, kwa sababu hewa ya nje ya Mwanza usiku inashuka hadi nyuzi 18 hadi 20 na inaondoa joto haraka. Madirisha yakifungwa yote kwa kuogopa wezi au mbu, inaonekana.

Hebu tupige hesabu ya chumba kimoja cha mita 12 za mraba, bati likiwa nyuzi 65 na chumba nyuzi 30. Ni makadirio, lakini uwiano wake ndio unaotufaa. Dari tupu inapitisha karibu wati 1,000. Ukipaka bati rangi nyeupe likashuka hadi nyuzi 45, zinabaki kama 450. Ukiacha bati kama lilivyo ukaweka foili yenye nafasi ya hewa, zinabaki kama 280. Rangi na foili kwa pamoja, kama 120. Foili na faiba ya inchi mbili bila rangi, kama 150. Ukiongeza faiba hadi inchi nne unashuka hadi 105 hivi. Angalia hizo inchi mbili za mwisho: zinagharimu sawa na zile za kwanza, na zimekupunguzia wati 45 tu. Hiyo ndiyo sababu sikushauri umalize fedha yako yote kwenye faiba ya inchi nne.

Rangi kwanza, kwa sababu inazuia joto kabla halijaingia, na kwa sababu bati lako lenye kutu linaihitaji hata kama joto lisingekuwepo. Paa lako, ukihesabu mteremko na sehemu inayotoka nje ya ukuta, lina kama mita 145 za mraba, na migongo inaongeza eneo la kupaka hadi karibu mita 165. Lita moja ya rangi ya maji ya akriliki ya nje inapaka kama mita 9 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 37, kwa hiyo ndoo mbili za lita 20. Chagua nyeupe isiyong'aa. Isamilo ni mlimani, na paa jeupe linalometa litamchoma macho jirani wa juu yako kila asubuhi.

Kazi yenyewe inaharibikia kwenye maandalizi. Sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka ile inayobanduka iishe, osha kwa maji na sabuni, suuza, acha likauke, kisha paka praima ya kuzuia kutu kwenye madoa yote ya kahawia. Misumari iliyolegea itolewe na mashimo yazibwe kabla ya rangi. Bati lililotoboka, ambalo bisibisi inapita ukilibonyeza, halifai kupakwa, libadilishe. Na bati jipya utakaloweka lisipakwe rangi ya mafuta moja kwa moja. Mafuta ya rangi hiyo yanachanganyika na zinki, yanakuwa kama sabuni, na baada ya muda rangi inatoka vipande vipande kama magamba. Rangi ya akriliki iliyoandikwa kwamba ni ya mabati ya zinki ndiyo inayoshika.

Paka Juni hadi Agosti, kiangazi. Anza umande ukishakauka, kama saa mbili na nusu asubuhi, na uache saa tano, maana rangi ya maji ikipakwa kwenye bati la moto inakauka juu kabla haijashika chini. Kama mnavuna maji ya mvua, hakikisha kopo limeandikwa kwamba rangi haina risasi na inafaa paa la kuvuna maji, ondoa bomba la tenki wakati wa kazi, na mvua mbili tatu za kwanza ziache zimwagike. Paa jeupe linachafuka. Vumbi la kiangazi na ukungu vinapunguza nguvu yake ya kurudisha jua, kwa hiyo lioshwe kila mwaka kabla ya vuli.

Foili ni karatasi ya alumini iliyogandishwa kwenye turubai jembamba au kwenye plastiki yenye mapovu. Alumini safi inarudisha karibu asilimia 95 ya mnururisho unaoipiga. Tena sifa yake ya pili haijulikani sana: upande wake ule ule, hata ikiwa imepata moto, karibu hauutoi kabisa mnururisho. Kwa hiyo si lazima upande unaong'aa utazame jua. Ukitazama chini kuelekea dari unafanya kazi hiyo hiyo, na kwa nyumba zetu ndio bora zaidi, kwa sababu vumbi haliwezi kukaa upande wa chini. Foili iliyolazwa juu ya bodi za dari ikitazama juu inafanya kazi vizuri mwaka wa kwanza. Baadaye inafunikwa na vumbi, kinyesi cha popo na wale wadudu wa ziwani wanaoingia darini kwa maelfu usiku wanapotoka kwa makundi, na foili iliyofunikwa na vumbi inakuwa karatasi tu.

Sharti ambalo mafundi wengi wanalivunja ni nafasi ya hewa. Foili ikigusana na bati inapokea joto kwa kugusana, na yote niliyosema juu ya mnururisho hayafanyi kazi tena. Tena usiku mvuke wa hewa ya ziwani unaganda kuwa matone chini ya bati lililopoa. Foili ikigusana na bati, unyevu huo unanaswa katikati na bati linaliwa upesi. Acha angalau milimita 25, na 50 ni bora zaidi. Kwenye nyumba yako, ambayo mabati hayatolewi, foili inapigiliwa chini ya zile mbao za mteremko za kenchi. Unene wa mbao pamoja na papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, unakupa nafasi hiyo bila hesabu nyingine.

Anzia chini, kwenye ukingo wa ukuta, panda kuelekea kwenye kofia, yaani kilele cha paa. Kila pande la juu lilalie la chini kwa milimita 150, ili tone la maji likidondoka liteleze hadi nje ya ukuta lisiingie katikati. Chini acha uwazi wa milimita 50 na juu kabisa acha uwazi wa milimita 50 hadi 100, hewa ya moto ipande na itoke. Penye nguzo za kenchi chana foili kidogo, ipitishe, kisha funga mchano kwa utepe wa alumini wenye gundi. Itakula muda, hasa kwenye pembe, na fundi atakuambia haina haja. Matundu madogo kweli hayana madhara makubwa. Kinachoharibu kazi ni pande zima lililolegea likaegemea bati. Eneo la mteremko juu ya vyumba ni kama mita 115. Roli ya mita 1.2 kwa 40, ukitoa malalio, inafunika 42. Roli tatu zinatosha kwa kubana, nunua nne kama kenchi zako zina nguzo nyingi.

Dukani kuna kitu kinachofanana na foili na si foili: plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Namna ya kuijua ni hii. Shika kipande sentimita tano kutoka shavuni, kisiguse. Alumini halisi inakurudishia joto la uso wako mwenyewe, na ndani ya sekunde chache utasikia uvuguvugu. Plastiki ya rangi ya fedha haikupi kitu. Jaribu ukiwa ndani ya duka, kivulini.

Kuhusu kupitisha hewa darini, nitasema ukweli ambao wauza feni za paa hawausemi. Kwa kuwa joto kubwa linashuka kwa mnururisho, kufungua matundu peke yake hakutakupoza sana. Bati litaendelea kuimulika dari hata kama hewa katikati inapita. Matundu yanahitajika kwa sababu mbili nyingine, kuondoa unyevu na kuifanya ile nafasi ya juu ya foili ipumue. Kipimo kinachotumika ni sehemu moja ya 300 ya eneo la dari ikiwa matundu yamegawanywa nusu chini ya ukingo wa paa na nusu juu. Kwako ni mita 0.36 za mraba, sawa na matundu 12 ya sentimita 20 kwa 15. Yawekewe wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6. Huo unazuia popo na panya. Wavu wa mbu hapo haufai, unaziba kwa vumbi na wadudu mpaka unakuwa ukuta.

Sasa pumba. Pumba za mpunga kweli zinazuia joto, jirani yako hakubuni. Lakini sentimita 10 za pumba zina uzito wa karibu kilo 10 kwa kila mita ya mraba, na faiba ya unene huo ina kilo moja na nusu tu. Bodi za mwaka 1978 zilizoshikwa na misumari iliyokula kutu hazikupangiwa mzigo huo. Pia ndani ya pumba hubaki chenga na unga, panya wanaujua, na cheche ya umeme ikiingia humo haiwaki ikaonekana. Inafukuta polepole kwa saa nyingi mpaka mtu asikie harufu. Maranda ya mbao nayo achana nayo, yanaita mchwa.

Maboksi ya samaki ni povu la polistirini, nalo povu hilo ni kizuia joto kizuri likiwa jipya, limekatwa kwa kipimo na limefunikwa na bodi isiyoshika moto haraka. Mabaki ya maboksi hayako hivyo. Harufu ya samaki iliyonywewa ndani haitoki, sisimizi na panya wataifuata, na mapengo kati ya vipande yanapitisha joto. Likishika moto linayeyuka, linadondoka likiwaka, na moshi wake mweusi unaua kabla moto haujafika. Zaidi ya hayo, povu likigusana na waya wa umeme, kilainishi kilichomo kwenye plastiki ya waya kinahamia kwenye povu. Plastiki inakuwa ngumu na kupasuka.

Hapo tumefika kwenye umeme. Foili ni chuma kinachopitisha umeme, na hili si la nadharia. Serikali ya Australia ilipoanzisha mpango mkubwa wa kuweka vizuia joto kwenye nyumba mwaka 2009, vijana wanne waliokuwa wakifanya kazi hiyo walikufa, watatu kwa kupigwa na umeme na mmoja kwa joto la darini. Stepla ya chuma iliyopita kwenye foili na kutoboa waya ilitosha. Kwa hiyo swichi kuu izimwe kabla mtu hajapanda, iwekewe kufuli au mtu wa kuilinda, na isiwashwe mpaka wote washuke. Foili ikiwa kwenye mteremko, mbali na nyaya zinazotambaa juu ya dari, hatari inapungua sana. Hiyo ni sababu nyingine ya kuipendelea sehemu hiyo. Kazi ya darini ifanyike kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, basi. Mchana mle ndani mtu anaweza kuanguka kwa joto hata kama ni kijana mwenye nguvu.

Nyaya za nyumba ya miaka hiyo zinaweza kuwa zimechoka. Waya uliofunikwa pande zote na faiba kwa zaidi ya nusu mita unapaswa kubebeshwa nusu tu ya umeme uliokadiriwa, kwa kuwa hauwezi tena kupoa. Waya wa hita ya maji au wa jiko la umeme ndio unaoungua kwanza. Kabla ya kuweka faiba, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, azikague, azinyanyue zipite juu ya faiba, na viungio vyote viwe ndani ya maboksi yenye vifuniko. Taa za kuzama ziachiwe angalau sentimita 7 kila upande.

Kuhusu bodi: zima umeme, fungua kikombe cha taa ya sebuleni, utazame ukingo wa tundu kwa tochi. Ukiona nyuzi za kahawia kama karatasi nzito au mbao iliyosagwa, ni bodi ya nyuzi za mbao na unaweza kuendelea. Ukiona kitu cha kijivu, kigumu kama saruji, na bodi inatoa sauti ya sahani ukiigonga kwa ukucha, chukulia ni asbesto mpaka ithibitike si asbesto. Ikiwa imetulia na haijavunjika haitoi vumbi na haimdhuru aliye chini yake. Kuitoboa, kuikata, kuisugua au kuing'oa kwa nyundo ndiko kunakorusha nyuzi zisizoonekana, ambazo baada ya miaka mingi husababisha saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu. Hapo simamisha kila kitu cha darini, usimruhusu fundi wa mtaani aivunje hata kwa bei rahisi, uwasiliane na NEMC, baraza la mazingira, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kuhusu nani anaruhusiwa kuiondoa na inatupwa wapi. Rangi ya juu ya bati unaweza kuendelea nayo.

Popo wa darini kwa kawaida ni wale wadogo wanaokula wadudu. Tangu mlipuko wa ugonjwa wa virusi wa Marburg wa Bukoba mwaka 2023 na ule wa Biharamulo mwaka 2025, watu wa Kanda ya Ziwa wamewaogopa popo wote, na hofu hiyo inaeleweka. Popo anayehusishwa na Marburg ni yule mkubwa anayekula matunda, anayeishi mapangoni na kwenye migodi. Hata hivyo popo wa darini si wa kushikwa kwa mkono, maana anayeng'ata anaweza kuwa na virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa, na kinyesi kikavu kinaweza kuwa na kuvu wanaoshambulia mapafu. Usimwage sumu: watafia kwenye kona usizofika. Tafuta matundu wanayotokea saa moja jioni, ziba yote isipokuwa moja, na hilo lifunike kwa wavu mwepesi ulioning'inia, umefungwa juu na pembeni lakini wazi chini. Wanatoka, hawajui kurudi. Baada ya siku tano au saba bila kuona anayetoka, lizibe. Ukisikia vitoto vikilia, subiri kama wiki sita viweze kuruka. Kinyesi kilowanishwe kwa maji ya dawa ya kuua wadudu wa magonjwa kabla ya kukusanywa, usifagie kikavu, na anayefanya avae barakoa ya N95, glavu na miwani. Dari iliyobonyea kwa uzito wa kinyesi isikanyagwe na mtu.

Faiba utakapopata fedha yake, nunua ya inchi mbili, ilaze juu ya bodi kati ya mbao za dari bila kuigandamiza, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyomo ndani yake. Isizibe matundu ya ukingoni. Ikilowa kwa bati linalovuja inalala na haifai tena, kwa hiyo uvujaji wote umalizwe kwanza. Anayeiweka avae mikono mirefu na barakoa.

Kama mnafikiria kubadilisha mabati yote ndani ya miaka miwili mitatu, mpango unabadilika. Usipake rangi bati litakalotupwa. Subiri paa lifunguliwe, foili itandazwe kutokea juu kabla ya bati jipya, kazi ya siku moja badala ya nne, na ununue mabati ambayo tayari ni meupe.

Chumba cha mama hakiwezi kusubiri Juni. Fanya mambo haya wiki hii. Ning'iniza mkeka au turubai jeupe nje ya ukuta na dirisha la magharibi, sentimita 30 kutoka ukutani, liwepo kuanzia saa nane mchana. Jua la jioni likipiga kwenye turubai halitajaza tofali. Fungua yale matundu ya hewa juu ya dirisha ambayo nyumba za enzi hizo zilijengwa nayo na wengi wameyaziba, uyawekee wavu wa mbu. Usiku dirisha lenye nondo na wavu libaki wazi, na mlango wa chumba pia, hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mchana wa joto kali ahamie chumba cha mashariki. Dawa kadhaa za presha zinaondoa maji mwilini, na wazee hawasikii kiu mapema, hivyo muulize daktari wake anywe maji kiasi gani siku za joto. Akichanganyikiwa, akipata kizunguzungu asichokizoea, au ngozi yake ikawa ya moto sana, mmwagie maji mwilini, mpepee na mpeleke hospitali papo hapo.

Kabla ya kumlipa fundi yeyote, mpime naye joto la chumba hicho: kipimajoto kimoja, kikining'inia mita moja na nusu kutoka sakafuni, saa tisa alasiri na saa nne usiku, siku tatu mfululizo. Rudieni baada ya rangi, na tena baada ya foili. Namba za saa tisa zikishuka na za saa nne usiku zikabaki pale pale, fedha inayofuata ipeleke kwenye kivuli cha ukuta wa magharibi na kwenye madirisha, si kwenye faiba.